Inzi, Picha na Haki ya Kutoa Jina

Mtu ana haki ya kusema kiasi gani juu ya kitu alichokiona kwa macho tu? Swali hili huulizwa mahakamani kila siku, na mahakimu wamelizoea. Mimi nataka kulileta mahali ambapo wengi hawatalitazamia: katika elimu ya inzi wadogo wa porini, na hasa katika kazi ya kuwatambua kwa picha. Najua ya kuwa inzi ni kiumbe asiye na heshima katika mazungumzo ya watu. Mtu akitaka kulidharau jambo hulilinganisha naye. Lakini udogo wa kiumbe haupunguzi uzito wa kauli isemwayo juu yake. Yamkini kauli juu ya kitu kidogo ndiyo impimayo msemaji vizuri zaidi, kwa sababu hapana atakayemshtaki mtu kwa kumsingizia inzi.

Upigaji wa picha umekuwa jambo jepesi. Mtu yeyote aliye na kamera, au simu tu, aweza kumpata mdudu mwenye urefu wa milimita tatu akiwa juu ya ua, kisha akampelekea mjuzi picha hiyo na kuuliza: huyu ni nani? Muulizaji hataki kuambiwa ya kuwa ni inzi. Hilo alilijua kabla ya kuuliza. Anataka jina kamili, yale maneno mawili ya Kilatini ambayo Linnaeus wa Sweden aliyafanya kuwa sheria ya majina ya wanyama katika kitabu chake cha mwaka 1758. Mjuzi ana njia tatu mbele yake. Aweza kutoa jina kamili na kumridhisha mwenziwe. Aweza kukataa kabisa. Na aweza kutoa sehemu ya jina na kusimama hapo. Nitashikilia ya kuwa njia ya tatu, ambayo huonekana kuwa ya kinyonge, mara nyingi ndiyo ya haki. Na ya kuwa ina gharama yake, ambayo ni lazima ilipwe na mtu.

Inzi, kwa maana ya wanazuoni, ni wadudu wote wenye mabawa mawili tu. Nyuki, nyigu na kipepeo wana mabawa manne. Inzi ana mawili, na mahali pa jozi ya pili pana vijiti viwili vifupi, vyenye vichwa kama vya pini, vimsaidiavyo kujiweka sawa angani. Kwa kipimo hiki mbu ni inzi, usubi ni inzi, pange ni inzi, na mbung'o pia. Spishi zilizokwisha kupewa majina ya kitaalamu zapita 150,000, na kila mwaka nyingine huongezwa. Lugha yetu haina majina 150,000 ya inzi, wala hapana lugha ya watu iliyo nayo. Kiswahili kilitoa jina palipokuwa na haja, na pale ambapo jicho liliweza kupambanua: mbung'o auaye ng'ombe, pange aumaye mpaka damu ikatoka, usubi wa jioni, mbu wa usiku. Waliobaki wote ni inzi. Wako wasomi wauonao upungufu wa lugha katika jambo hili. Mimi nauona uaminifu. Wazee waliowaacha inzi elfu katika jina moja hawakusema uongo juu ya hata mmoja wao.

Mtaalamu hutaka kwenda mbali zaidi, na ni wajibu wake. Huenda kwa ngazi: kwanza ukoo, kisha jenasi, yaani kundi la ndugu wa karibu ndani ya ukoo, kisha spishi yenyewe. Ukoo wa inzi aghalabu hujulikana kwa mishipa ya bawa, umbo la papasi na mpango wa nywele za kichwani na mgongoni. Picha nzuri iliyopigwa kwa ubavu yaweza kuonyesha mengi ya hayo. Lakini kadiri mtu ashukavyo ngazi, ndivyo alama zizidivyo kuwa ndogo na kujificha: unywele mmoja chini ya paja la mguu wa kati, vumbi la rangi ya fedha usoni lionekanalo kwa mwanga wa upande mmoja tu, na katika koo nyingi, viungo vya uzazi vya dume, ambavyo havionekani sawasawa mpaka mdudu afe, afunuliwe kwa sindano, na kuwekwa chini ya hadubini. Vitabu vya utambuzi vimeandikwa kwa kudhani ya kuwa msomaji ana maiti mkononi. Kitabu huuliza swali, hungoja jibu, kisha huuliza jingine. Na mwenye picha hufika mahali ambapo swali limeulizwa na picha imenyamaza.

Nichukue mfano ambao kila mtu aweza kuuona jikoni kwake, juu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Pale huzunguka inzi wadogo sana, wa rangi ya manjano iliyochanganyika na hudhurungi, wenye macho mekundu. Mmoja maarufu katika hao ni Drosophila melanogaster, aliyepewa jina hilo mwaka 1830 na Johann Wilhelm Meigen wa Ujerumani. Asili yake ni Afrika, ingawa leo amefuata matunda ya wanadamu karibu dunia nzima. Ni vigumu kumtaja mdudu aliyechunguzwa kuliko yeye, kwa maana tangu mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wake mjini New York walimtumia kufunua siri za urithi wa viumbe. Na pamoja na hayo, ilipita miaka 89 tangu jina la Meigen kutolewa kabla ya mtu kuonyesha ya kuwa katika inzi walioitwa kwa jina hilo walikuwamo wa spishi mbili. Aliyeonyesha ni Alfred Sturtevant, mmoja wa wanafunzi wa Morgan, mwaka 1919. Spishi ya pili aliiita Drosophila simulans, yaani mwigaji. Wala hakupambanua kwa kutazama tu. Aliwapandisha hawa na hawa, na watoto waliozaliwa walikuwa tasa. Madume hutofautishwa kwa kipande kidogo katika viungo vyao vya uzazi. Majike ni vigumu kutofautishwa hata yule mtazamaji akiwa na hadubini nzuri na siku nzima.

Sasa mtu akileta picha ya jike juu ya ndizi, akaomba jina, mjuzi atasema nini? Ataambiwa: lakini picha ni safi, kila kitu chaonekana! Hapo ndipo penye mtego. Picha safi humfanya mtazamaji aamini ya kuwa ameona yote, kumbe ameona yote yaliyo upande mmoja. Tuna methali isemayo ya kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Kwa inzi wa ndizi, mwenye macho ndiye apaswaye kuambiwa asubiri, kwa maana macho yake yamekwisha kufanya kazi yao na tofauti iko mahali pengine. Jibu la haki ni Drosophila, mmoja wa hawa wawili au wa ndugu zao. Anayeongeza neno melanogaster juu ya hapo hakuongeza elimu. Ameongeza sauti.

Nisieleweke kuwa naidharau picha. Picha si kivuli cha maiti. Ni shahidi wa namna nyingine, na yako mambo ayajuayo ambayo maiti hayajui. Baadhi ya pange wana macho yenye mistari ya kijani na zambarau ing'aayo kama kito. Akichomwa pini na kukauka rangi hizo hufifia, na mtafiti wa kabati za makumbusho aweza kufanya kazi miaka mingi bila ya kuziona kama zilivyokuwa. Picha huzihifadhi. Huhifadhi pia namna inzi ashikavyo mabawa yake atuapo, ua alilolitembelea, wenzake aliokuwa nao, na kama mwenye kamera ni mwangalifu, saa na mahali. Upande wa pili, picha hudanganya juu ya ukubwa, kwa kuwa inzi wa milimita mbili na wa milimita kumi huijaza karatasi sawasawa. Na hudanganya juu ya rangi, kwa kuwa jua la asubuhi na taa ya kamera haziukubali mwili ule ule kwa rangi moja. Kila shahidi ana udhaifu wake. Wajibu wa hakimu ni kuujua.

Ninafika sasa kwenye jambo lililo zito zaidi. Ikiwa jina kamili laweza kupatikana kwa kumwua mdudu, na picha yatoa nusu ya jina tu, je, ni halali kuua kwa ajili ya nusu iliyobaki? Wengi watacheka. Buibui mmoja huua inzi wengi kwa juma. Gari moja barabarani usiku huua wengi zaidi. Na dawa ya shamba huua wasiohesabika. Hoja hii ni ya kweli kwa hesabu, lakini haijibu swali. Buibui hula. Mkulima hulinda mazao. Mimi naulizwa juu ya kuua kwa ajili ya kujua tu, na aghalabu kwa ajili ya kujua jambo ambalo halitambadilishia mtu lolote, ila litamwondolea mwulizaji uchungu wa kuwa na picha isiyo na jina. Sioni ya kuwa uchungu huo una thamani ya uhai, hata uhai wa siku kumi. Wala sisemi ya kuwa inzi ana haki sawa na mtu. Nasema ya kuwa mwenye kuua ndiye apaswaye kutoa sababu, na sababu iwe kubwa kuliko udadisi wa saa moja.

Wanazuoni wenyewe wamegombana juu ya jambo hili, na ugomvi ulikuwa juu ya inzi. Mwaka 2015 Stephen Marshall na Neal Evenhuis walitangaza spishi mpya kutoka Afrika Kusini, Marleyimyia xylocopae, inzi afananaye ajabu na nyuki mkubwa atoboaye mbao. Hawakuwa na maiti ya kuweka makumbusho. Walikuwa na picha. Desturi ya elimu hiyo ni kuwa kila spishi mpya iwe na mwili mmoja uliohifadhiwa, ambao jina limefungwa kwao, ili atakayekuja baada ya miaka mia aweze kuuchunguza na kuuliza maswali ambayo leo hayajafikiriwa. Lakini kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zina kifungu cha ajabu: mtu akiteua picha ya mnyama mmoja kuwa msingi wa jina, huhesabiwa kuwa amemteua yule mnyama aliyemo pichani, hata kama mnyama mwenyewe hayupo tena. Kwa hiyo jina lile halikufungwa kwa karatasi. Limefungwa kwa inzi mmoja ambaye hapana mtu awezaye kumshika. Mwaka 2016 wataalamu karibu 500 walitia sahihi andiko la kuupinga utaratibu huo, wakisema ya kuwa hautoshi, hauhitajiki, na waweza kudhuru. Mwaka 2017 tume isimamiayo kanuni haikuupiga marufuku. Ilishauri ya kuwa atakayetaja spishi bila ya mwili uliohifadhiwa aeleze sababu zake.

Ukiusoma ugomvi huo kwa haraka utadhani ni wa wenye huruma na wasio na huruma. Sivyo. Wale waliopinga walikuwa wakitetea haki ya watu wasiozaliwa bado ya kuikagua kazi yetu. Ni haki kubwa, na mwenye kuipuuza kwa sababu ya huruma amewahurumia inzi na kuwasahau watu. Lakini wenye picha nao walikuwa na jambo: kiumbe kilichoonekana mara moja, kikapotea, hakikukosa kuwako kwa sababu hakikufa mikononi mwetu.

Mashariki ya Afrika tuna mifano miwili ya ugomvi huu huu, ingawa si ya inzi. Mwaka 2005 watafiti walimtangaza tumbili mpya kutoka misitu ya Tanzania, katika nyanda za juu za kusini na katika milima ya Udzungwa. Msingi wa jina ulikuwa picha, kwa maana walikataa kumwua mnyama wa kundi lililo dogo. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wamekwisha kumtaja kwa jina la kipunji, na jina hilo ndilo lililotiwa katika Kilatini: Lophocebus kipunji. Picha ilisema kweli ya kuwa huyu ni mpya. Lakini baadaye kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima. Fuvu lake na chembe zake za urithi zilionyesha ya kuwa ni ndugu wa karibu wa nyani kuliko ilivyodhaniwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, kwa jina la mlima Rungwe. Picha ilikuwa na haki kwa nusu. Mfano wa pili ni wa Somalia. Ndege mmoja alikamatwa Bulo Burti mwaka 1989, akatolewa damu na manyoya, akaachiliwa mwaka uliofuata. Na mwaka 1991 akatangazwa kuwa spishi mpya, Laniarius liberatus, yaani aliyeachwa huru. Mwaka 2008 uchunguzi wa urithi wake ulionyesha ya kuwa alikuwa wa spishi iliyojulikana zamani, ila amevaa rangi isiyo ya kawaida. Jina likafa, lakini ndege alikuwa amekwisha kuruka. Kwa maoni yangu bei hiyo si ghali: kosa la jina hurekebishwa kwa kalamu.

Hata hivyo yako mahali ambapo kosa la jina halirekebishwi kwa kalamu, na hapo hukumu yangu hugeuka. Mbu aitwaye Anopheles gambiae alidhaniwa zamani kuwa spishi moja. Tangu miaka ya 1960 imejulikana ya kuwa ni kundi la ndugu wafananao mno, hata macho hayawezi kuwatenga kwa uhakika. Mmoja hupenda damu ya watu na kueneza malaria kwa nguvu. Mwingine, Anopheles arabiensis, huuma watu na ng'ombe pia. Anopheles merus wa pwani huzaa katika maji ya chumvi. Na Anopheles quadriannulatus wa kusini mwa Afrika huwapendelea wanyama, naye hahesabiwi kuwa mwenezaji wa ugonjwa. Mwuaji na asiye na hatia wamevaa nguo moja. Tangu mwaka 1993 hutenganishwa kwa kupima chembe za urithi, na kipimo hicho huhitaji angalau mguu wa mbu. Daktari wa afya ya jamii atakayesema ya kuwa hataki kuua mbu, akaridhika na picha, hajafanya wema. Gharama ya huruma yake italipwa na watoto wa kijiji.

Nzi wa maembe naye atufundishe. Mwaka 2003 alionekana Kenya nzi mgeni wa asili ya Asia, ambaye hutaga mayai ndani ya tunda, na funza wakalioza kwa ndani huku ganda likiwa zuri. Akaenea barani kwa kasi, na mwaka 2005 wataalamu wakampa jina la Bactrocera invadens, mvamizi. Jina hilo lilikuwa na uzito sokoni: nchi zinunuazo matunda huweka masharti kwa jina la mdudu, na dawa au joto lililothibitishwa kwa nzi mmoja halikubaliwi kwa mwingine mpaka majaribio yafanywe upya. Mwaka 2015, baada ya kulinganisha maumbo, chembe za urithi, harufu na uzazi wa hao nzi, wataalamu wakahukumu ya kuwa mvamizi hakuwa spishi ya peke yake. Alikuwa ni yule yule Bactrocera dorsalis aliyejulikana Asia tangu mwaka 1912. Angalia ya kuwa safari hii hapakuwa na upungufu wa maiti. Walikuwapo kwa maelfu, mitegoni na makabatini. Maiti nayo, basi, si kiapo. Na wale waonao ya kuwa kila mashaka huisha kwa pini hawana budi kulieleza jambo hili.

Siku hizi iko mitambo ya kompyuta itazamayo picha na kutoa jina kwa nukta chache. Mingine ina adabu ya kusimama kwenye jenasi pasipo na hakika, mingine haina. Sigombani na chombo, kwani hakina aibu wala sifa. Nina neno na sisi tukipokeao jina kutoka kwacho na kulipitisha kana kwamba tumeona wenyewe. Jina la Kilatini lina haiba: likiandikwa chini ya picha huonekana kuwa mwisho wa kazi, na atakayelisoma hatajua kama aliyeliandika alihesabu nywele za mguu au alikisia akiwa na usingizi. Ndiyo maana naona ya kuwa jina lisilo na sababu yake kando yake ni deni. Mjuzi akiandika jenasi, na aandike pia alichokiona kikamfikisha hapo: mshipa fulani wa bawa, umbo la papasi. Na alichokikosa akitaje.

Mwulizaji naye ana wajibu, ingawa husahauliwa. Nimeona wanafunzi wakimkasirikia mwalimu aliyewapa jina la ukoo tu, wakamwendea mwingine mwenye ulimi mwepesi, wakarudi wakishangilia. Watu wa namna hii humlazimisha mjuzi kuchagua kati ya heshima yake na ukweli, na wajuzi ni wanadamu. Mwanafunzi aliyeelewa huuliza swali jingine: nini kimekosekana katika picha yangu? Hapo aweza kuambiwa arudi kesho saa ile ile kwenye ua lile lile, aweke kipande cha rula kando yake, ampige inzi picha kwa mbele ili uso uonekane, kisha kwa juu mabawa yakiwa yamekunjuliwa. Mara nyingi atakwenda, na ua atalikuta, na inzi hatakuwapo.